Fizi Zinazotoka Damu na Sukari Isiyoshuka

Safari hii tumechagua maradhi ya fizi, na tumeyachagua kwa ajili ya wale wenye maradhi ya sukari.

Katika madarasa yetu ni nadra kumkuta mwanafunzi ambaye nyumbani kwao hakuna mtu mwenye daftari la kliniki ya sukari. Kama si babu ni bibi, kama si mama ni ami. Vijana hawa wameshajifunza mengi kwa kuwahudumia wakubwa wao. Wanajua kidonge gani ni cha asubuhi, wanajua kuangalia nyayo kama zina kidonda, wanajua kwamba macho yapimwe kila mwaka. Lakini tukiwauliza, bibi alionwa lini na daktari wa meno? Jibu huwa moja: siku alipong'olewa jino. Na wengine hucheka, kwani meno na sukari yana uhusiano gani?

Uhusiano upo, tena ni wa pande mbili. Sukari iliyopanda huziharibu fizi, na fizi zilizoharibika huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Na kwa mujibu wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, mwaka 2024 watu wazima wenye maradhi hayo duniani walifika milioni 589. Hivyo si habari ya watu wachache.

MARADHI YENYEWE

Kila siku meno yetu hufunikwa na utando laini ambao sisi huuita ukoga. Ukoga si mabaki ya chakula tu kama wengi wanavyodhani. Ni makazi ya vijidudu vya bakteria, maelfu kwa maelfu, vilivyogandana pamoja. Ukisuguliwa unaondoka. Ukiachwa siku kadhaa huanza kunyonya chokaa iliyomo katika mate, ukawa mgumu kama jiwe. Huo mgumu unaitwa ugaga, na ukishakuwa ugaga hakuna mswaki wala kijiti kinachoweza kuuondoa. Hutolewa kwa chombo cha daktari.

Mwaka 1965, katika mji wa Aarhus nchini Denmark, mtaalamu aitwaye Harald Löe na wenzake walifanya jaribio jepesi sana, lakini lenye faida kubwa. Waliwachukua watu 12 wenye fizi nzima wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21, fizi za wote zikawa nyekundu, zimevimba na zinatoka damu. Wakaambiwa waanze tena kusafisha, na baada ya siku chache fizi zikarudi katika uzima wake. Kwa hiyo damu ya fizi haitokani na kupiga mswaki kwa wingi, bali hutokana na ukoga uliolala pale. Tunalisema hili kwa sababu watu wetu wengi wakiona damu kwenye mate huacha kupiga mswaki wakisema "fizi zipumzike", nao huwa wamewapa wale vijidudu ruhusa ya kuendelea. Wengine husema ni kiseyeye. Kiseyeye cha kweli husababishwa na kukosa vitamini C, na siku hizi ni nadra. Damu ya fizi tunayoiona mitaani karibu yote ni ya ukoga.

Hatua hii ya kwanza hurudi nyuma, alhamdulillahi. Ya pili ndiyo yenye msiba. Kwa baadhi ya watu, uvimbe ukidumu muda mrefu, ufizi huachana na jino, na kati yake pakafanyika mfuko. Katika kinywa kizima, mwanya kati ya ufizi na jino una kina cha milimita 1 hadi 3. Ukifika 4 na kuendelea, huo ni mfuko wenye maradhi. Ndani ya mfuko hakuna mswaki unaofika, vijidudu hustarehe, na mfupa wa taya unaolishika jino huliwa kidogo kidogo. Jambo baya zaidi ni kwamba hauumi. Jino bovu lenye tundu litakukesha usiku kucha mpaka uende kwa daktari, lakini ufizi unaokula mfupa hukaa kimya miaka kumi. Mtu hutanabahi pale meno ya mbele yanapoachana, yanapotikisika akila muhogo wa kuchoma, au watu wanapoanza kugeuza uso akizungumza nao.

SUKARI INAVYOZIHARIBU FIZI

Wenye maradhi ya sukari ambayo hayakudhibitiwa hupatwa na maradhi haya ya fizi karibu mara tatu zaidi kuliko wasio na sukari. Yule ambaye sukari yake imetulia hukaribiana na watu wengine. Mwaka 1993, Löe yule yule wa Denmark, wakati huo akiwa Marekani, aliandika kwamba maradhi ya fizi yahesabiwe kuwa ni madhara ya sita ya kisukari, baada ya yale matano yanayojulikana: ya macho, ya figo, ya mishipa ya fahamu, ya mishipa mikubwa ya damu, na vidonda kuchelewa kupona.

Kwa nini iwe hivyo? Sukari ikizidi katika damu muda mrefu hujibandika kwenye protini za mwili na kuziharibu, mishipa midogo ya damu inayolisha fizi hunenepa kuta zake, na chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hufanya kazi vibaya. Askari hao hawazimi vita vikaisha. Hupigana ovyo, wakavunja na nyumba wanayoilinda. Tena mate hupungua, kinywa kikakauka, na mate ndiyo maji ya kusafishia aliyotujaalia Mwenyezi Mungu bila ya kuyachota. Ndiyo maana watu wawili wenye ukoga sawasawa, mmoja ana sukari na mwingine hana, meno yao hayaharibiki sawasawa.

Hapa tuongeze faida moja ya haraka: wakati mwingine daktari wa meno ndiye anayeigundua sukari. Mtu wa makamo ambaye fizi zake zinavimba na kutoa usaha mara kwa mara bila ya sababu ya wazi, na akapelekwa kupimwa damu, huenda akakuta ana kisukari na hakujua.

FIZI ZINAVYOIPANDISHA SUKARI

Upande wa pili ndio unaowashangaza wengi. Tuanze na jambo ambalo kila mwenye sukari analijua: akipata jipu, au homa, au kidonda kilichooza, sukari hupanda hata kama chakula chake ni kile kile na dawa ni zile zile. Mwili unapopigana na maradhi huwasha moto. Sehemu yenyewe huwa nyekundu, huvimba, hupata joto na huuma. Sisi katika makala hii tutauita moto huo mwako.

Sasa chukua kinywa chenye mifuko ya fizi pande zote. Wataalamu wamepima eneo la ndani la mifuko hiyo wakalikuta linafika sentimita za mraba 8 hadi 20 kwa mwenye maradhi mazito. Hebu fikiria kidonda cha ukubwa huo juu ya mkono wa babu yako. Nyumba nzima isingelala. Angepelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Lakini kwa kuwa kimefichwa chini ya fizi na hakiumi, hubaki miaka. Na kila anapotafuna, vijidudu na sumu zake huingia katika damu.

Mwako wa fizi haubaki kinywani. Chembe zinazopigana pale hutoa kemikali za kuitana, na kemikali hizo husafiri na damu mwili mzima. Zikifika kwenye ini, ini hutengeneza kwa wingi protini iitwayo CRP, ambayo maabara huipima ili kujua kama mwilini kuna mwako. Na kemikali hizo hizo ndizo zinazoifanyia ubaya insulini. Insulini kazi yake ni kupiga hodi kwenye chembe za mwili ili zifungue na kuipokea sukari kutoka katika damu. Kukiwa na mwako, ni kama nyumba yenye kelele: hodi inapigwa wala haisikiki. Sukari hubaki nje, katika damu. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi, nayo kwa mwenye kisukari imeshachoka.

Kwa hiyo maradhi mawili haya husaidiana katika uovu. Sukari huziharibu fizi, fizi huipandisha sukari, sukari iliyopanda huzidi kuziharibu fizi. Huko Arizona, Marekani, kuna watu wa kabila la Pima ambao wana kisukari kwa wingi sana, na kwa miaka mingi wamekuwa wakifuatiliwa na wataalamu. Mwaka 1996 ilionekana kwamba wale waliokuwa na maradhi mazito ya fizi ndio ambao baadaye sukari yao iliharibika zaidi. Mwaka 2005 yakatolewa matokeo ya watu 628 wa kabila hilo wenye kisukari: waliokuwa na maradhi mazito ya fizi walikufa kwa maradhi ya moyo na ya figo zaidi ya mara 3 kuliko wale ambao hawakuwa na maradhi mazito ya fizi. Hayo peke yake hayathibitishi kwamba fizi ndizo zilizowaua, kwani mtu anayepuuza meno huenda anapuuza na mengine. Kinachothibitisha ni kutibu, kisha kuangalia.

JE, UKIZITIBU FIZI SUKARI HUSHUKA?

Swali hili limechukua zaidi ya miaka 60. Mwaka 1960 huko Marekani madaktari wawili, Williams na Mahan, waliwatibu fizi vijana 9 wenye kisukari, na 7 kati yao wakahitaji insulini kidogo kuliko mwanzo. Watu 9 ni wachache mno kujengea hukumu, lakini mlango ulifunguliwa.

Kabla ya kuendelea, tukieleze kipimo. Kile cha kuchoma kidole huonyesha sukari ya saa ile tu; leo utafunga vizuri itakuwa nzuri, kesho utakula halua itapanda. Kuna kipimo kingine ambacho madaktari hukitegemea zaidi, huandikwa HbA1c. Sukari hushikamana na chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi karibu siku 120, hivyo zikipimwa huonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Huyu hadanganywi kwa mfungo wa siku moja. Hutolewa kwa asilimia, na kwa wagonjwa wengi madaktari hutaka kiwe chini ya 7.

Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya jaribio la London. Watu 264 wenye kisukari cha aina ya pili na fizi zilizoharibika waligawanywa kwa kura makundi mawili. Kundi la kwanza walikwanguliwa ugaga mpaka chini ya fizi, waliohitaji upasuaji mdogo walifanyiwa, na wote walirudi kila miezi mitatu kwa mwaka mzima. Kundi la pili walisafishwa juu ya fizi tu, kwa miadi ile ile. Mwanzoni makundi yote yalikuwa na HbA1c ya 8.1. Baada ya miezi 12 kundi lililotibiwa lilikuwa 7.8, na lile jingine limepanda mpaka 8.3. Baada ya hesabu zote kurekebishwa, tofauti ilikuwa 0.6. Na si sukari peke yake: alama za mwako katika damu zilipungua, na mishipa yao ya damu ilitanuka vizuri zaidi kuliko ya wale wengine.

Uadilifu unatutaka tutaje na yaliyokwenda kinyume. Mwaka 2013 huko huko Marekani yalitolewa matokeo ya jaribio la watu 514, na baada ya miezi 6 sukari haikushuka hata kidogo kwa waliotibiwa fizi. Ilikuwa habari nzito, na wapo walioona kwamba mlango umefungwa. Wengine wakajibu kwamba matibabu yenyewe hayakukamilika, kwa sababu fizi za wagonjwa wengi ziliendelea kutoka damu hata baada ya kusafishwa. Na moto usiozimwa huwezi kudai kwamba kuuzima hakuna faida. Sisi si madaktari, lakini jibu hilo tunaliona lina uzito, hasa tukilinganisha na London ambako kazi ilifanywa mpaka mwisho.

Mwaka 2022 wataalamu waliyakusanya majaribio 35 yenye watu 3,249 na kuyapima pamoja, likiwemo lile lililoshindwa. Wakakuta kwamba kutibu fizi hushusha HbA1c kwa wastani wa 0.43 baada ya miezi mitatu minne, na 0.30 baada ya miezi sita. Yaani aliyekuwa na 8.4 hukaribia 8.0. Mwaka huo huo taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu iliwataka wahudumu wawaeleze wagonjwa wa kisukari kwamba wachunguzwe kinywa mara kwa mara, kama wanavyochunguzwa macho na miguu.

Je, 0.43 ni kitu? Mtu atasema ni kidogo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kila HbA1c inapokuwa chini kwa asilimia 1, madhara ya mishipa midogo, yaani ya macho na figo, huwa pungufu kwa asilimia 37. Kwa hiyo hata nusu ya asilimia ina thamani kwa mama ambaye ameshaanza kuona ukungu. Ila tusiongeze chumvi. Kusafisha fizi si badala ya dawa. Atakayerudi kutoka kwa daktari wa meno akaacha vidonge vyake au sindano yake, huyo amejidhulumu. Ni msaada juu ya dawa, juu ya chakula, na juu ya kutembea.

MATIBABU YALIVYO

Wengi huogopa kwa kutojua. Daktari kwanza hupima mifuko kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, na hutazama picha ya mfupa. Kisha hufundisha kusafisha. Hii ni nusu ya matibabu na watu huidharau. Halafu hukwangua ugaga wa juu na wa chini ya fizi, kwa ganzi ikihitajika, katika siku moja au kwa awamu. Baada ya wiki kadhaa hupima tena. Mifuko iliyobaki mirefu huenda ikahitaji upasuaji mdogo. Na baada ya hapo mgonjwa hurudi kila miezi mitatu mpaka sita, maisha yake yote. Dawa za kuua vijidudu si za kila mtu, na kununua vidonge dukani kwa ajili ya fizi hakutoi ugaga hata chembe.

Kuna maneno mitaani kwamba "ukisafishwa meno yanalegea". Tumeyasikia kwa watu wazima wenye akili zao, na yamewazuia wengi. Ukweli ni kwamba mfupa ulikuwa umeshakwenda zamani, na ugaga ndio uliokuwa umeyagandisha meno kama saruji kwenye ukuta uliooza. Ukitolewa ugaga, ulegevu uliokuwepo huonekana. Vilevile uvimbe ukiisha fizi hunywea, meno yakaonekana marefu, na maji baridi yakachoma kwa wiki chache. Hiyo ni dalili kwamba uvimbe umeondoka. Daktari mzuri huyasema haya kabla hajaanza, asiposema, muulizeni.

Jambo jingine la kujua mapema: jaribio moja lililotolewa mwaka 2007, kwa watu 120, lilionyesha kwamba siku moja baada ya kusafishwa sana mwako katika damu hupanda, kisha ndani ya miezi sita mishipa ya damu huwa bora kuliko mwanzo. Kwa hiyo mzee akijisikia mchovu siku ya pili, si ajabu. Homa kali au uvimbe unaoongezeka ndio wa kumrudisha hospitali.

Mwenye sukari asiende kwa daktari wa meno na tumbo tupu. Ale, anywe dawa yake kama kawaida, achague asubuhi, na achukue kitu kitamu mfukoni kwa sababu sukari huweza kushuka akiwa kwenye kiti. Daftari lake la kliniki alichukue, na aseme dawa zote anazotumia, hasa za kufanya damu kuwa nyepesi. Mwenye kuvuta sigara aseme pia, kwa sababu sigara huibana mishipa ya fizi, damu isionekane, akadhani ni mzima kumbe maradhi yameshatangulia. Na ugoro na tambuu yenye tumbaku navyo si salama.

MSWAKI NA SUNNA YAKE

Wanafunzi wetu wanajua kwamba Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa kama si kuchelea kuutia umma wake uzito angewaamrisha kupiga mswaki katika kila Swala. Wanajua pia kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba alipoingia nyumbani jambo la kwanza lilikuwa mswaki, na kwamba hata katika maradhi yake ya mwisho alipouona mswaki mkononi mwa Abdurrahman bin Abubakar aliutamani, Bibi Aisha akamlainishia. Sasa tujitazame. Wako wetu wenye kubeba kijiti mfukoni wiki tatu, ncha imekauka na kuwa nyeusi, wakakipitisha mara mbili kwenye meno ya mbele kabla ya takbira. Sunna imeonekana, ukoga umebaki pale pale.

Mswaki wa mti ni chombo cha kweli, si pambo. Ncha imenywe, ilowekwe, itafunwe mpaka iwe nyuzi laini, na ikatwe upya kila baada ya siku moja au mbili. Usuguliwe penye mpaka wa jino na ufizi, polepole, nje na ndani, mpaka magego ya mwisho, na hapo ndipo kijiti kilichonyooka kinapopata tabu. Mswaki wa dukani wenye dawa ya floraidi husaidia, na vyote viwili havigombani. Katikati ya meno huhitaji uzi au vijibrashi vidogo. Mkaa na mchanga tuviache, vinalila jino. Kwa bibi ambaye mikono yake ina ganzi au inatetemeka, mjukuu aufunge mpini wa mswaki kwa kitambaa uwe mnene ushikike, au amsafishe mwenyewe.

RAMADHANI

Watu hutuuliza kama kusafishwa meno kunafunguza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 mjini Jeddah mwaka 1997, azimio namba 93, liliyataja kutoboa jino, kung'oa, kusafisha meno, na kupiga mswaki wa mti au wa brashi kuwa ni katika mambo yasiyofunguza, kwa sharti mtu ajiepushe kumeza kinachofika kooni. Sindano ya ganzi nayo si chakula wala si badala ya chakula. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi ni karaha kwa mwenye kufunga kupiga mswaki baada ya jua kupinduka, kwa kuchunga ile harufu ya kinywa cha mfungaji iliyosifiwa. Lakini wanavyuoni wameeleza kwamba harufu hiyo hutokana na tumbo kuwa tupu. Harufu ya usaha na ukoga wa juzi haimo, na mtu asijifiche nyuma yake. Anayeifuata karaha hiyo ana nafasi ya kutosha baada ya daku na kabla ya adhuhuri, na usiku mzima baada ya futari, ambao ndio wakati wa tende, kaimati na chai ya sukari.

Pamoja na ruhusa hiyo, kwa mwenye maradhi ya sukari hatuoni busara kukwanguliwa fizi mchana wa Ramadhani. Atakwenda bila ya kula, damu itamjaa kinywani, na sukari yake haijulikani itashuka saa ngapi. Suala la yeye kufunga au kutofunga aliulize kwa daktari wake mapema. Ama fizi, akianza mwezi wa Rajab, Shaaban itamkuta ameshasafishwa pande zote na fizi zimeshanywea. Miezi mitatu ikitimia atakuwa katika Shawwal, na hapo apimwe mara mbili: mifuko ya fizi kwa daktari wa meno, na HbA1c kwenye kliniki yake ya sukari. Namba za Rajab ziandikwe ukurasa wa mwisho wa daftari, ili siku hiyo ziwepo za kulinganishia.